Siku ya Mhadzabe ndani ya chumba na sebule: mwongozo kwa anayeishi mjini

Mhadzabe hana nidhamu. Nasema hivyo kwa heshima zote. Haamki saa kumi na moja alfajiri kujilazimisha kukimbia, hahesabu alichokula, wala hajiwekei saa ya kuzima simu. Hata hivyo mwanamume wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji wa kaskazini mwa Tanzania, hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na mwanamke karibu 6. Na presha ya kupanda, ambayo ofisini kwetu watu wanaulizana dawa zake kama wanaoulizana bei ya nyanya, kwao ni nadra. Anatembea kwa sababu asali iko kule na maji yako huku. Analala kwa sababu giza limeshaingia na moto unazimika. Mazingira ndiyo yamempangia siku, yeye anaifuata tu.

Mimi njia ya nidhamu nimeshaijaribu. Nilinunua raba, nikaweka programu ya kuhesabu hatua, nikategesha kengele ya alfajiri. Nilidumu siku tisa. Ya kumi mvua ilinyesha Mbezi tangu usiku, na raba zile leo anazivaa mdogo wangu.

Kwa hiyo sitakuomba ujikaze. Nitakuomba usogeze vitu: mkeka, chaja, stuli, kreti ya soda, kituo unachoshukia. Ukivisogeza vizuri, mwili utafuata wenyewe.

Kwanza tuelewane

Wahadzabe, ambao vitabu vya zamani viliwaita Watindiga, wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi: Yaeda Chini, Mang'ola na vilima vya jirani. Hawafiki hata 1,500, na ni mia chache tu kati yao ambao bado chakula chao kingi kinatoka porini. Tangu James Woodburn alipofika kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti hawajakatika. Ndiyo maana siku ya Mhadzabe imepimwa kwa saa za mkononi, vipima mapigo ya moyo na vipima mwendo, pengine kuliko siku ya mkazi yeyote wa Kinondoni.

Kinachowavuta watafiti ni hesabu rahisi. Binadamu wa aina yetu yupo duniani kwa miaka kama 300,000. Kilimo kina miaka kama 12,000. Friji na simu janja ni vitu vya jana jioni. Saikolojia ya mageuko inasema kwamba tamaa zetu, woga wetu na wivu wetu vilichongwa katika maisha ya kambi ndogo za kuwinda na kuchuma, na sasa vinafanya kazi ugenini. Mtoto wa Sinza ambaye hajawahi kuona nyoka ataruka akiona kipande cha mpira kwenye majani, halafu dakika hiyohiyo avuke barabara mbele ya bodaboda bila kugeuza shingo. Bodaboda inaua wengi, lakini imekuja juzi.

Kuna tahadhari mbili kabla hatujaanza.

Ya kwanza: Wahadzabe si masalia ya kale. Ni Watanzania wa leo, wana kitambulisho na kura, na wana ugomvi mkubwa wa ardhi na wafugaji na wakulima wanaoingia maeneo yao. Tunajifunza kwao kama mtu anavyojifunza kwa jirani.

Ya pili: miili yetu haikuganda zama za mawe. Wafugaji wa Afrika Mashariki walipata uwezo wa kumeng'enya maziwa wakiwa watu wazima ndani ya miaka elfu chache tu iliyopita. Kinasaba cha selimundu, ambacho mtu akikirithi kwa mzazi mmoja tu humkinga na malaria kali, kilienea kwa sababu malaria ilikuwa inaua. Anayekuambia usinywe maziwa kwa sababu mababu hawakunywa, muulize ni mababu wa nani, kwani Mmasai atakuwa na la kusema hapo.

Hatua ya 1: Andika siku mbili, usibadili kitu

Chukua karatasi ya daftari, igawe safu nne: *miguu ilinipeleka wapi*, *nilikaa juu ya nini*, *nilikula na nani*, *mwanga wa mwisho kuuona kabla ya kulala*. Jaza siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko. Usijirekebishe, usijionee aibu.

Yangu ilikuwa na miguu mita kama mia nane, kiti cha daladala, kiti cha ofisi, kiti cha daladala, sofa. Kwenye "nilikula na nani" niliandika "taarifa ya habari". Itunze karatasi, utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Weka miguu kwenye njia ambayo lazima upite

Watafiti waliwafunga Wahadzabe vipima mapigo ya moyo, wakakuta wanafanya kazi ya kupandisha mapigo kwa takriban dakika 135 kila siku. Shirika la Afya Duniani linatuomba dakika 150 kwa wiki, na bado wengi hatufiki.

Lakini usikimbilie uwanjani. Chagua safari moja ambayo huwezi kuikwepa, uiongezee urefu:

- Shuka vituo viwili kabla ya chako wakati wa kurudi. Asubuhi usijaribu, utafika umelowa jasho na utaacha wiki ya kwanza.
- Hamisha duka lako la mahitaji. Genge lililo mlangoni liache kwa dharura, nyanya na vitunguu nunua lile la mbali.
- Beba kwa mikono. Mwanamke wa Kihadzabe hurudi na mizigo ya mizizi, mara nyingi na mtoto mgongoni, na uzito huo ni sehemu ya kazi. Kilo tano za unga si lazima zipande bodaboda.
- Simu za kikazi zinazorefuka zungumza ukiwa unatembea koridoni.

Kama mtaani kwako kutembea usiku ni hatari, hasa kwa dada zetu, hatua hii ifanye mchana au muwe wawili watatu. Mhadzabe mwenyewe hapendi kutembea peke yake gizani porini.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo Wahadzabe wanaitumia kwa siku nzima. Kila mtu alitarajia iwe kubwa mno. Walipozingatia ukubwa wa miili, ilikuwa sawa na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili una bajeti: ukitumia zaidi kwenye kutembea, unabana kwingine. Kwa hiyo kama unatembea ili upungue kilo, utakata tamaa. Tembea kwa ajili ya moyo, sukari, usingizi na magoti. Kilo zinaamuliwa zaidi jikoni, na huko tutafika.

Ukiwa unasoma hili kijijini, na kisima chako kiko kilomita mbili, hatua hii ruka. Umeshaifanya kabla ya kifungua kinywa.

Hatua ya 3: Shuka chini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu ni ya kivivu.

Mwaka 2020 timu ya David Raichlen ilichapisha kitu kilichonipa amani. Wahadzabe wanapumzika kama saa 10 kwa siku wakiwa macho, karibu sawa na watu wa miji ya nchi tajiri. Wanakaa, wanapiga soga, wanachonga mishale, wanajinyoosha kivulini. Tofauti iko kwenye mkao. Sehemu kubwa ya mapumziko yao huwa wamechutama, wamepiga magoti au wamekaa chini, na hasa kwenye kuchutama na kupiga magoti misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kwenye sofa misuli hiyo karibu inazimika.

Wala hatuhitaji kwenda Eyasi kujifunza. Bibi zetu walikaa kwenye mkeka miguu imenyooka wakichambua mchele, wakakaa juu ya mbuzi wakikuna nazi, wakachutama wakiosha vyombo uani. Kisha ikaja seti ya sofa ya watu saba inayojaza sebule ya watu wanne, na mkeka ukaviringishwa nyuma ya kabati.

Fanya hivi:

1. Toa kipande kimoja cha sofa sebuleni. Kimoja tu, na ukipenda kiuze. Nafasi iliyobaki tandika mkeka au jamvi.
2. Runinga ishushe. Ikiwa juu ukutani, utatafuta kiti. Ikiwa chini, utajikuta mkekani.
3. Rudisha kigoda jikoni. Mchicha, njegere, mchele, vyote chambua ukiwa umekaa chini.
4. Kuchutama anza kwa kushika mlango au nguzo ya kitanda, sekunde thelathini asubuhi na thelathini jioni. Kisigino kisipogusa chini, weka kipande cha ubao chini yake.

Mwenye magoti mabovu au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga aulize daktari kwanza. Na mgeni mzee akija, usimlazimishe mkekani kwa sababu ya mageuko. Mpe kiti.

Hatua ya 4: Rudisha nyuki kwenye asali

Wahadzabe walipoulizwa wapange vyakula vyao kwa kuvipenda, wanaume kwa wanawake waliweka asali namba moja. Mizizi, ambayo ndiyo inayowavusha siku ngumu, ikawa ya mwisho. Kwa maneno mengine, wako kama wewe. Tamaa ya sukari haikuletwa na matangazo ya soda, ni ya siku zote.

Ila angalia inavyopatikana. Unamsikia ndege wa asali akiita, unamjibu kwa mluzi, mnafuatana kichakani. Ukifika unakuta mzinga uko juu ya mbuyu. Unachonga vigingi vya mti, unavipigilia kwenye shina, unapanda ukiwa na kijinga cha moto, nyuki wanakuuma, unashuka, na wenzako wameshafika wanasubiri kugawiwa. Utamu una bei, na bei yenyewe ni jasho, hofu na kugawana. Sisi tumeutoa utamu kwenye mti, tukautia kwenye chupa ya baridi hatua ishirini kutoka kitandani. Tamaa imebaki ileile, nyuki wameondoka.

Kazi yako ni kuwarudisha nyuki. Usijikataze soda. Usiiweke nyumbani tu. Kreti isikae chini ya meza, sukari ikae kwenye kopo lenye kifuniko kigumu juu kabatini, na biskuti zisinunuliwe kwa katoni hata kama bei ya jumla inakuvutia. Ukitaka soda, vaa viatu, nenda dukani, nunua moja, inywe palepale ukiongea na mwenye duka. Wageni wakija, mtume mtu. Nilipofanya hivyo nilikuta kwamba mara nyingi nilichokuwa nataka ni kuondoka kwenye kiti.

Upande wa pili ni kilichomo kwenye sahani. Usijaribu kula kama Mhadzabe, huna swala wala huijui mizizi yake. Chukua jambo moja: nyuzinyuzi. Mizizi, matunda pori na ubuyu vinampa nyuzinyuzi nyingi kuliko mlo wa mjini, na watafiti waliochunguza bakteria wa tumboni mwao walikuta aina nyingi zaidi kuliko kwa watu wa Ulaya na Marekani, nyingine zikipanda na kushuka kwa kufuata masika na kiangazi. Sokoni kwetu vitu vya jamii hiyo vipo na ni rahisi kuliko chipsi mayai: magimbi, mihogo, viazi vitamu na ganda lake, kunde, choroko, maharage, kisamvu, matembele, dona badala ya sembe. Unga wa ubuyu ule mweupe koroga kwenye maji au uji. Ule ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko, wa sukari na rangi, naupenda sana, lakini huo ni pipi.

Tena kula kwa msimu. Embe lile hasa wakati wa maembe.

Hatua ya 5: Usiku uwe usiku

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wengi wetu tungedhani wanalala jua likizama na kuamka wamependeza baada ya saa tisa. La. Walisinzia wastani wa saa tatu na robo hivi baada ya jua kuzama, kwa saa zetu za Pwani ni kama saa nne kasoro usiku. Usingizi halisi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, ingawa muda wa kuwa kitandani ulikuwa mrefu zaidi. Wengi waliamka kabla jua halijachomoza, na usingizi ulifuata kushuka kwa joto la usiku.

Utafiti mwingine ulifuata watu wazima 33 wa kambi za Wahadzabe kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Siku zote kulikuwa na mmoja anayegeuka, anayekohoa, anayechochea moto. Watafiti wanaona huo ni ulinzi wa kambi: wazee wanaamka mapema, vijana wanachelewa kulala, na fisi hapati mwanya.

Kwa hiyo mama yako anayeamka saa tisa usiku si lazima awe mgonjwa. Na wewe ukishtuka usiku, usiwashe simu kuangalia umebakiza saa ngapi. Lala macho, sikiliza mbwa wa jirani, usingizi utarudi. Ila ukikosa usingizi wiki hadi wiki, au unakoroma na kukabwa, nenda hospitali.

La kufanya: chaja ya simu ihamie sebuleni, tena kwenye soketi iliyo mbali na mlango wa chumbani. Nunua saa ya mezani ya kengele. Kuanzia saa tatu usiku zima taa kubwa ya sebule, bakiza moja ndogo yenye mwanga wa njano. Oga maji ya kawaida karibu na kulala, ili mwili upoe kama unavyopoa usiku wa porini. Asubuhi toka nje upate mwanga kabla hujatazama kioo cha simu.

Chandarua usikiguse. Hakuna cha mababu hapo.

Hatua ya 6: Washa moto wa jioni, hata kama ni taa

Mtafiti Polly Wiessner alikaa na Waju/'hoansi, Wasan wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, akarekodi mazungumzo yao mchana na usiku. Mchana, asilimia 34 yalikuwa malalamiko, kusemana na umbea, na asilimia 31 mambo ya uchumi: nani ana nini, nani atakwenda kuwinda wapi. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Usiku, wakizunguka moto, hadithi zikapanda hadi asilimia 81. Watu walewale, midomo ileile. Giza na moto vilibadili mazungumzo.

Sisi hili tulikuwa nalo. Paukwa! Pakawa! Hakuna aliyeitikia hivyo saa nne asubuhi. Baraza za nje za nyumba za Unguja na Lamu ni mahali pa kukaa na kuzungumza, hasa jioni. Leo jioni yetu ina mazungumzo ya mchana: ada, kodi, bosi, nani kamsema nani kwenye grupu la ukoo.

Chagua siku moja ya wiki. Usiseme "leo tunafanya usiku wa hadithi", watoto watakimbia. Zima taa, washa kandili au mshumaa, weka karanga za kukaanga katikati ya mkeka, kisha wewe mwenyewe anza kusimulia jambo lililokupata zamani, hasa lililokuaibisha. Mimi huanza na siku nilipopanda basi la Tanga nikidhani la Morogoro. Watauliza. Maswali yakija, umeshinda. Mada za pesa ziahirishe hadi asubuhi, na zikichomoza mwambie mwenzako kwa upole, "hilo la mchana."

Anayeishi peke yake atafute kibaraza cha jirani au kijiwe chenye wazee. Kupiga simu kwa shangazi ukiwa umezima taa nako kunafaa zaidi ya unavyofikiri.

Hatua ya 7: Punguza kambi iliyo ndani ya simu

Kambi ya Wahadzabe ina watu kama 30, wanaobadilika: mkigombana na mtu, unahamia kambi nyingine. Katika watu 30, hakuna shida kuwa wa kwanza kwa kitu fulani. Mmoja ni fundi wa asali, mwingine anachekesha, mwingine anajua dawa. Ubongo wetu bado unajilinganisha na kila uso unaouona kana kwamba ni wa kambini. Simu inakuletea nyuso elfu za watu wazuri, matajiri na waliopo Dubai, na wewe kwenye foleni ya Ubungo unajiona umeshindwa kambi nzima.

Fungua orodha ya unaowafuata. Kwa kila jina jiulize: nikifiwa, huyu atakuja, au nitakwenda kwake? Jibu likiwa hapana kwa pande zote mbili, mnyamazishe kwa mwezi mmoja. Usimfute, mnyamazishe. Magrupu ya WhatsApp nayo yapange: yenye watu wa kuzikana yabaki na mlio, mengine yote bila mlio.

Halafu jifunze kuzodoa nyama. Mtafiti Richard Lee aliwanunulia wenyeji wake wa Kalahari ng'ombe mkubwa wa sikukuu, na kila aliyemwona alimwambia ni mifupa mitupu. Aliumia, mpaka alipoelezwa kwamba ndiyo desturi: mwindaji akileta mnyama mkubwa huambiwa ni kitu cha hovyo, asije akavimba kichwa na kujiona chifu. Ukipandishwa cheo, mualike rafiki wa shule ya msingi mle wote. Atakuambia umenenepa vibaya na koti halikukai. Huyo mtunze.

Na nyama inagawiwa. Mnyama mkubwa hawezi kuliwa na nyumba moja kabla hajaoza, na kesho mwindaji huyo huenda akakosa. Kugawa ndiyo bima. Upatu, kikoba na mchango wa msiba vinatoka kwenye akili hiyohiyo. Kama huna kimoja chenye watu mnaoonana uso kwa uso, kitafute kabla ya kutafuta bima nyingine.

Hatua ya 8: Mpe bibi kazi, na mtoto pia

Kristen Hawkes na wenzake walipokuwa kwa Wahadzabe miaka ya 1980, walitegemea wawindaji ndio wawe habari kubwa. Waliokuwa wakitoka jasho zaidi ya wote walikuwa bibi, wakichimba mizizi kwa saa nyingi, na wajukuu wenye bibi mchapakazi walikua vizuri zaidi mama yao alipokuwa na mtoto mchanga. Kutoka hapo likazaliwa wazo kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kuacha kuzaa yapo kwa sababu wajukuu walimhitaji.

Kwa hiyo bibi akija mjini kukusalimia, usimkalishe mbele ya runinga kama mgeni rasmi. Mpe kazi ya kweli yenye mjukuu ndani yake: bustani ya ndoo, mapishi ya Jumamosi, kumpeleka mtoto madrasa au shule ya Jumapili. Mtoto naye ana uwezo. Kwa Wahadzabe mtoto wa miaka mitano hivi anaokota matunda na ubuyu wake mwenyewe, akiwa na kundi la wakubwa na wadogo mchanganyiko. Wako anaweza kuchambua maharage, kwenda genge la jirani, na kucheza na watoto wa rika zote uani badala ya wa darasa lake tu.

Ya kuyaacha Eyasi

Katika takwimu zilizokusanywa kwa Wahadzabe, karibu mtoto mmoja kati ya watano hakumaliza mwaka wa kwanza, na karibu nusu hawakufika miaka 15. Anayevuka utotoni anaweza kuishi hadi miaka ya 60 na 70, lakini kwanza avuke. Chanjo, kliniki, chandarua, maji ya bomba na miwani ya babu haviingii kwenye mwongozo huu. Vibaki kama vilivyo.

Acha pia maneno ya vijiweni, kwamba mwanamume "kaumbwa kuwinda" kwa hiyo hawezi kutulia na mmoja, au mwanamke "kaumbwa kusubiri". Wahadzabe wengi wana mwenzi mmoja kwa wakati mmoja, wanawake wanaleta sehemu kubwa ya chakula cha kambi, na mwanamke aliyechoka na ndoa anaondoka. Anayetaka kisingizio atafute kwingine.

Mpangilio

Usianze hatua zote wiki moja. Anza na mkeka na chaja, hatua ya 3 na ya 5, kwa sababu zinamalizika mchana mmoja wa Jumapili. Wiki ya pili ondoa soda nyumbani. Wiki ya tatu badili kituo cha kushukia. Hadithi na simu zinataka muda, zipe wiki ya nne hadi ya saba. Ya bibi inasubiri bibi aje.

Wiki ya nane chukua karatasi mpya, chora safu zilezile nne, jaza siku mbili bila kujirekebisha, kisha ilaze kando ya ile ya kwanza. Safu ambayo haijabadilika usiihukumu. Tafuta ni kitu gani bado kimekaa mahali pabaya, ukisogeze. Na kama kwenye "nilikula na nani" bado umeandika taarifa ya habari, rudi hatua ya 6 kabla hujagusa nyingine yoyote.